Sababu ya Spika Kuungua, na Waya Inayofaa

Katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru siku hizi, tangu Makongeni hata Kimbo, mna chombo cha muziki chenye amplifaya na spika mbili au zaidi, na mara nyingi ndicho kitu cha thamani kupita vyote vilivyomo sebuleni. Mwenyewe amekinunua kwa fedha alizoziweka akiba muda mrefu. Basi siku ya arusi au ya Krismasi wageni hujaa, sauti huongezwa mpaka mwisho, na kabla ya usiku wa manane sauti nyembamba za muziki zimepotea. Yamebaki mavumo tu, kama ngoma inayopigwa nyuma ya ukuta. Kesho yake spika hupelekwa kwa fundi, naye husema kwamba spika ndogo, yaani twita, imeungua. Mwenye chombo humlaumu aliyemwuzia, au husema kwamba amplifaya ilikuwa na nguvu nyingi mno kwa spika zile. Lakini mara nyingi kweli ni kinyume cha hayo: amplifaya ilikuwa na nguvu chache mno kwa kazi iliyotakwa. Neno hili ni gumu kusadikika, kwa hiyo yafaa tulieleze polepole.

Umeme utokao ukutani katika Kenya ni wa voliti 240, nao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ndani ya amplifaya ya kawaida umeme huo hupunguzwa na kugeuzwa uwe kama wa betri, na hiyo ndiyo akiba ambayo amplifaya hutumia kuisukuma spika. Tuseme kwamba akiba hiyo yaruhusu voliti 28 za kwenda juu na 28 za kwenda chini. Muziki nao ni mawimbi, madogo kwa makubwa. Wimbi likitaka voliti 20, hulipata, na sauti hutoka safi. Likitaka voliti 40, amplifaya haiwezi. Hupanda mpaka 28, kisha husimama pale pale kungoja wimbi lirudi chini. Kilele cha wimbi kimekatwa. Umewahi kuuona ua wa kayaba uliofyekwa kwa panga, ukawa tambarare juu kama meza? Mawimbi yaliyokatwa vilele huonekana hivyo hivyo katika chombo cha fundi cha kupimia.

Sikio husikia mkato huo kama ukwaruzaji: sauti ya mwimbaji hukauka, magitaa hutetemeka vibaya, na mdundo wa besi hulegea. Wengi hufikiri kwamba hiyo ndiyo ishara ya chombo chenye nguvu, nao huzidi kuongeza.

Sasa tazama hesabu. Wimbi la mviringo lenye kilele cha voliti 28, likiingia katika spika ya omu 8, hutoa nguvu za wati 50 hivi. Wimbi lenye kilele kile kile, lakini limekatwa mpaka likawa la mraba kabisa, hutoa karibu wati 100, kwa sababu hukaa juu muda wote badala ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo amplifaya iliyoandikwa wati 50 yaweza kuisukumia spika karibu mara mbili ya hizo, na sehemu kubwa ya nguvu hizo hugeuka kuwa joto. Aumiaye kwanza ni twita, maana waya wake wa ndani ni mwembamba mno. Muziki unapopigwa kwa kiasi, twita hupata fungu dogo tu la nguvu, kwa kuwa nguvu nyingi za muziki zimo katika besi. Lakini besi ikiisha kufika ukomo wake na kukatwa, haiwezi kuongezeka tena, hali sauti nyembamba zaendelea kupanda kila uzungushapo kitufe. Zaidi ya hayo, kona za mawimbi yaliyokatwa huzaa sauti nyembamba mpya ambazo hazikuwamo katika wimbo. Zote hizo huelekezwa kwa twita, ambayo huungua huku spika kubwa ikibaki nzima. Ndiyo sababu ya ngoma ile ya nyuma ya ukuta.

Wako wasemao, "Mimi sizidishi nusu ya kitufe, basi ni salama." Sivyo. Kitufe hakipimi wati. Simu au chombo kingine kikileta sauti kubwa, mawimbi yaweza kukatwa kitufe kikiwa bado hakijafika nusu. Na kitufe cha besi ndicho chenye hila kuliko vyote: kuongeza besi kwa desibeli 10 ni kudai nguvu mara kumi. Mtu aliyekuwa akitumia wati 5 kwa starehe sasa ataka 50, wala hajagusa kitufe cha sauti.

Kuhusu maandishi ya maboksini, tusema wazi kwamba mengine ni ya kuvutia wanunuzi tu. Utakuta boksi limeandikwa wati 10,000, na pembeni herufi P.M.P.O. Sasa angalia plagi yake. Plagi yetu ya pini tatu hupokea fyuzi isiyozidi ampea 13, na ampea 13 kwa voliti 240 ni wati 3,120. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu zaidi ya zile kinazoziingiza, basi hizo elfu kumi zitoke wapi? Geuza chombo usome kibati cha nyuma, palipoandikwa wati kinazokula. Nguvu zake za kweli ni chini ya hapo. Ukiona herufi R.M.S., hizo ndizo wati za kulinganishia chombo na chombo.

Wala usidhani kwamba kutoka wati 50 kwenda 100 ni jambo kubwa masikioni. Ni desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kidogo. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, yahitajiwa nguvu kama mara kumi, yaani wati 500. Njia rahisi ni kununua spika inayotumia vizuri nguvu ilizopewa. Spika iliyoandikwa desibeli 90 kwa wati moja, kwa umbali wa mita moja, hufanya kwa wati 50 kazi ambayo spika ya desibeli 87 hufanya kwa wati 100. Zile redio za betri zilizoitwa za sufuria, zilizouzwa Rhodesia ya Kaskazini tangu mwaka 1949, zilikuwa na nguvu haba sana, na bado watu walizizunguka wakasikia habari.

Jambo moja zaidi, hasa kwa wakaao katika magorofa yenye wapangaji wengi. Saa za jioni, kila mtu anapowasha stima, voliti za ukutani zaweza kushuka. Zikishuka toka 240 hata 200, akiba ya amplifaya nyingi hushuka vivyo hivyo, na ile ya wati 50 huwa kama ya wati 35. Muziki uliokuwa safi saa nane mchana hukatwa vilele saa mbili usiku, kitufe kikiwa pale pale.

Tuje kwenye waya. Waya wa spika nao hula nguvu, na kadiri ulivyo mwembamba na mrefu ndivyo ulavyo. Chukua umbali wa mita 10 toka amplifaya hata spika ya omu 8. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hupita mita 20. Waya wa shaba mwembamba wa milimita mraba 0.2, kama ule wa kengele ya mlangoni, hukupotezea theluthi nzima ya nguvu za spika. Wa 0.75 hupoteza kama sehemu 11 katika mia, wa 1.5 sehemu 5 au 6, na wa 2.5 sehemu 3 tu. Spika ikiwa ya omu 4, hasara hukaribia kuwa mara mbili. Kwa sebule ya kawaida, ambayo waya wake hauzidi mita 4 au 5, waya wa 1.5 watosha kabisa. Kuna nyaya nyingine ziuzwazo kwa bei ya mbuzi mzima, zimevikwa nguo na ncha zake zimepakwa dhahabu. Sisi hatuoni kwamba mwenye nyumba atasikia tofauti yoyote, na fedha hizo zingefaa zaidi kununua spika bora.

Lakini jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwa macho ni mwekundu kama shaba yenyewe. Kwaruza uzi wake mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Ni mwepesi mkononi, hukatika upesi ukikunjwa, na huzuia umeme kama mara moja na nusu kuliko shaba. Kwa spika waweza kuutumia ukichagua ulio mnene zaidi. Lakini waya wowote wa spika, hata mzuri namna gani, usitumiwe kamwe kupeleka stima ya voliti 240 chumba cha pili. Ngozi yake haikufanywa kwa kazi hiyo, nao waweza kuwasha nyumba.

Usiunganishe spika mbili za omu 4 mahali pamoja katika amplifaya, isipokuwa imeandikwa kwamba yakubali omu 2, maana ndivyo zitakavyokuwa, nayo itachemka. Unapofunga waya, sokota nyuzi zake vizuri, pasibaki hata mmoja unaogusa upande wa pili. Upande mwekundu wa amplifaya uende kwa mwekundu wa spika, na mweusi kwa mweusi. Spika moja ikigeuzwa, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi hupotea katikati ya chumba. Kama alama zimefutika, ondoa waya kwenye amplifaya, kisha gusisha ncha zake kwa betri ya tochi ya voliti 1.5, kwa nukta moja tu. Karatasi ya spika kubwa ikitoka nje, ncha iliyogusa upande wa chanya wa betri ndiyo nyekundu. Ipake rangi, ili siku ya kuhama usianze kazi upya.