Mawingu na Upimaji wa Ozoni kwa Setilaiti

Ozoni ni gesi moja yenye athari mbili zinazopingana kwa afya ya binadamu. Takriban asilimia 90 ya gesi hiyo iko katika anga la juu, ambako huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno inayodhuru ngozi na macho. Sehemu iliyosalia imo katika anga la chini. Ile iliyo karibu na ardhi huvutwa na binadamu, huwasha njia za hewa na huzidisha pumu. Setilaiti nyingi hupima jumla ya sehemu zote mbili, na mawingu huivuruga hesabu hiyo.

Vifaa kama TOMS, kilichorushwa na Marekani mwaka 1978, na OMI cha mwaka 2004, vimepima mwanga wa jua unaoakisiwa kutoka duniani. Vimelinganisha mawimbi ya mwanga yanayofyonzwa sana na ozoni na yale yanayofyonzwa kidogo. Tofauti yake huonyesha kiasi cha gesi hiyo.

Wingu zito hurudisha mwanga kabla haujafika chini, hivyo sehemu kubwa ya ozoni iliyo chini yake haionekani. Wataalamu huliziba pengo hilo kwa makadirio yanayotokana na wastani wa vipimo vya zamani. Makadirio hayo hutegemea kimo cha wingu: likidhaniwa kuwa juu kuliko lilivyo, ozoni iliyofichika huongezwa kupita kiasi. Aidha, mwanga unaopenya ndani ya wingu hugongagonga matone na kurefusha safari yake, hivyo hufyonzwa zaidi. Kwa sababu hiyo OMI hukadiria pia kimo cha mawingu, kwa kutumia alama ambazo hewa yenyewe huacha katika mwanga.

Kwa tiba, jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu inayofichwa na wingu ndiyo yenye hewa inayovutwa na mgonjwa. Takwimu ya setilaiti ya siku ya mawingu inaweza kuwa sahihi kwa jumla, lakini isieleze lolote kuhusu hewa ya mtaani. Vipimo vya ardhini na maputo ya utafiti, kama yanayorushwa Nairobi, vingali vya lazima.

Wala wingu si kinga kamili ya jua: likiwa jepesi au limetawanyika, miale mingi hupenya. Watu wenye ualbino waendelee kujikinga hata siku hizo.