Kukereza Shingo ya Ganda la Risasi: Somo la Vipimo

Mwaka 1964 eneo la Kongwa, katika nyanda za kati za Tanzania, lilitengwa liwe kambi ya wapigania uhuru waliosaidiwa na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Penye majengo yaliyoachwa na mpango wa karanga wa Waingereza, uliofutwa mwaka 1951, wakaingia wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Risasi iliyokuja kujulikana kuliko zote katika vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika ni ile ya milimita 7.62 kwa 39, iliyotumiwa na bunduki ya Kalashnikov. Ganda lake aghalabu lilikuwa la chuma. Lilipigwa mara moja, likatupwa.

Risasi hiyo ina mjukuu ambaye wengi hawamjui. Kutokana nayo Wasovieti walitengeneza risasi ndogo ya kuwindia kwa kuifinya shingo ya ganda. Kisha mwaka 1975 Wamarekani wawili, Louis Palmisano, daktari wa upasuaji, na Ferris Pindell, fundi wa mitambo, walichukua ganda hilo la kuwindia, lililotengenezwa kwa shaba ya manjano, wakalisogeza bega lake mbele na kuipanua shingo ishike kichwa cha milimita 6. Hivyo ikapatikana 6 PPC, risasi mashuhuri ya mashindano ya shabaha. Ganda lake halitupwi. Hujazwa tena na tena, na kabla ya kujazwa mara ya kwanza shingo yake hukerezwa kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita. Somo hili linaeleza kwa nini hukerezwa, kwa chombo gani, na ni lini kazi hiyo haifai kufanywa.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa kilichoshikwa na shingo ya ganda. Baruti inapowaka, kanieneo ya gesi huitanua shingo mpaka iguse ukuta wa chemba ya bunduki; kichwa huachiliwa na kwenda mtutuni. Gesi ikiisha nguvu, ganda hunywea kidogo, likaweza kutolewa.

Kunywea huko ndiko kunakoitofautisha shaba ya manjano na chuma. Shaba ya manjano ya maganda ni aloi yenye sehemu 70 za shaba na 30 za zinki. Moduli ya unyumbufu ya Young kwa aloi hiyo ni takribani gigapaskali 110, hali ya chuma cha pua ni takribani 200. Kwa mkazo ulio sawa, shaba ya manjano hunyumbuka karibu mara mbili zaidi, kwa hiyo pia hurudi zaidi. Maganda ya kijeshi ya Kisovieti yana kikwazo kingine: fataki yake ni ya mtindo wa Berdan, wenye matundu mawili madogo ya moto pembeni, na haitoki kwa kusukumwa na msumari mmoja wa katikati kama fataki ya Boxer. Msomaji atafurahi kujua kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, wote wawili wakipata hataza zao mwaka 1866, na kwamba leo Wamarekani hutumia fataki ya yule Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakatumia ya yule Mmarekani.

Ganda huanza kama kikombe kifupi cha shaba kinachovutwa kwa mashine hadi kiwe mrija mrefu. Nyundo ya mashine ikienda upande japo kidogo, ukuta wa mrija huwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kichwa kikiwekwa katika shingo ya namna hiyo, mhimili wake hauwi tena katikati ya chemba. Huingia mtutuni kikiwa kimeegemea upande. Ikumbukwe kwamba kasoro hii haionekani kwa macho. Haionekani hata kwa kupima kipenyo cha nje, kwa maana mrija unaweza kuwa duara kamili kwa nje na tundu lake likawa limehama upande. Kinachopaswa kupimwa ni unene wa ukuta, mahali pengi kuizunguka shingo.

Hapo ndipo mikromita ya kawaida inapomdanganya mtumiaji. Ulimi wake ni bapa, na ukuta wa ndani wa shingo ni mviringo. Tuseme ulimi wenye upana wa milimita 2 umeingizwa katika shingo yenye nusukipenyo cha milimita 3. Utagusa ukuta kwa kingo zake mbili tu, na katikati patabaki nafasi. Kwa kanuni ya Pythagoras nafasi hiyo ni 3 kutoa kipeuo cha pili cha 8, yaani milimita 0.17. Ukuta wenyewe una unene wa milimita 0.3 hivi, kosa la kipimo limezidi nusu ya kitu kinachopimwa! Kwa sababu hiyo hutumiwa mikromita yenye ncha ya mviringo kama gololi.

Sasa hesabu ya chemba. Chemba ya mashindano ya 6 PPC aghalabu huchongwa ikiwa na shingo ya milimita 6.65. Kichwa kina kipenyo cha milimita 6.17. Ganda lisilokerezwa, lenye ukuta wa milimita 0.31, litakuwa na shingo ya nje ya 6.17 jumlisha mara mbili ya 0.31, yaani milimita 6.79. Halitaingia. Endapo litaingia kwa kulazimishwa, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa shingo haina nafasi ya kutanuka ili imwachilie mfungwa wake. Kanieneo hupanda kupita kiasi, na bunduki inaweza kumpasukia mtumiaji usoni. Fundi akitaka uwazi wa milimita 0.03, shingo yenye kichwa ndani yake iwe 6.62, na ukuta uwe nusu ya tofauti ya 6.62 na 6.17, yaani milimita 0.225. Wanaoanza husahau kugawa kwa mbili.

Chombo cha kukereza ni kerezo dogo la mkononi. Lina mwili wa chuma, kijiti cha mviringo kinachoingia ndani ya shingo, kisu kinachokata nje, na skrubu ya kusogezea kisu. Anayechagua chombo kwa kutazama ung'avu wa kisu peke yake amekosa jambo kuu. Kisu hukata kwa kupimia umbali wake kutoka kwenye kijiti. Kwa hiyo ukuta utakuwa sawa kadiri shingo inavyokaa sawasawa juu ya kijiti. Kijiti kikilegea, kosa la ulegevu huhamia kwenye shaba. Ndiyo maana vyombo vizuri huuzwa pamoja na kipanuzi chenye kipenyo kinachozidi kijiti kwa sehemu moja au mbili za mia za milimita, ili shingo ipite bila kulegea wala kukwama.

Pili, itazamwe skrubu. Ikiwa hatua yake ni milimita 0.5 na kichwa chake kimegawanywa sehemu 50, kila alama ni milimita 0.01 ya unene, ambayo ni 0.02 ya kipenyo. Tatu, pembe ya ncha ya kisu ilingane na pembe ya bega la ganda: digrii 30 kwa 6 PPC, digrii 20 kwa risasi ya .308. Kisu hupaswa kugusa mwanzo wa bega kidogo tu. Kikiishia kabla, hubaki pete nene ya shaba penye maungio. Kikizidi, maungio hudhoofika na shingo hukatika.

Katika kazi yenyewe, maganda hukatwa kwanza yawe na urefu mmoja, kisha shingo hupanuliwa. Kijiti hupakwa mafuta. Ganda huzungushwa polepole kwa mkono au kwa keekee ya umeme ya mwendo mdogo, na ukataji hufanywa kwa mikato miwili, wa pili ukiwa mwepesi. Haraka huleta joto. Kijiti cha chuma cha milimita 6 kikipata joto la nyuzi 50 zaidi hutanuka kwa karibu milimita 0.004, na huo ni mwanzo wa kukwama.

Kwa mazingira ya Kongwa vumbi linahitaji kutajwa peke yake. Udongo wa huko una chembe kali za kwatsi, ambazo zilizila plau za mpango wa karanga kwa kasi ambayo waandalizi wake hawakuitazamia. Kwatsi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, hali shaba ya manjano ni kama 3. Vumbi hilo likiingia katika mafuta ya kijiti huwa tupa ndani ya shingo. Na kwa wafugaji, yafaa kujua kwamba amonia ya mkojo wa wanyama hupasua shaba ya manjano yenye mkazo. Jeshi la Waingereza kule India liliona maganda yaliyohifadhiwa katika mazizi ya farasi yakipasuka shingoni wakati wa masika.

Bunduki ya kawaida ya kiwandani haihitaji kazi hii. Chemba yake ni pana makusudi, ili ipokee risasi za viwanda vingi pamoja na uchafu. Kukereza shingo kwa ajili yake huongeza ulegevu, na shingo inayotanuka na kufinywa zaidi kila mara hugumu upesi na kupasuka.

Nchini Tanzania utengenezaji wa risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwanafunzi anayeokota ganda lenye fataki isiyopigwa asilichokonoe wala kulipasha moto. Aliache palepale na mwalimu aarifu polisi. Zoezi la darasani halihitaji ganda. Kipande cha mrija wa shaba ya manjano kutoka kwa fundi bomba kinatosha: unene wa ukuta upimwe mahali nane kuizunguka duara, kwanza kwa mikromita bapa, kisha gololi ndogo ya baiskeli ikiwa imewekwa kati ya ulimi na ukuta na kipenyo chake kutolewa katika jibu. Tofauti ya safu hizo mbili za namba ilinganishwe na ile inayopatikana kwa kanuni ya Pythagoras.