Ujira wa Mwenzio ni Amana Mkononi Mwako

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo, katika darasa yetu ya baada ya Magharibi tuliletewa suala na kijana mmoja wa hapa mjini, nasi twaona ni suala linalowahusu wengi wala hawalifikirii.

Kijana huyu ni karani wa hesabu katika kampuni ambayo haina mafundi wake wa umeme. Huwachukua kwa mkataba, wengine moja kwa moja na wengine kwa mkono wa wakala, na ankara zao zote humpitia yeye. Siku moja rafiki yake, mwajiriwa wa kampuni ile ile, alimuuliza: "Hebu nambie, yule fundi mgeni hulipwa ngapi kwa siku?" Naye akamtajia. Kabla ya wiki kwisha, ofisi nzima ilikuwa ikijua. Waajiriwa wakanuna, mafundi wenziwe wakamwona adui, na wakala akaambiwa ama apunguze bei ama fundi aondoke. Fundi akaondoka, naye ni mtu mwenye watoto. Sasa kijana atuuliza: "Je, nimekosa, na hali nilisema kweli tupu?"

Jawabu yetu ni kuwa amekosa. Ukweli wa khabari peke yake hauihalalishi kuitangaza. Hata kusengenya ni kumtaja mwenzio kwa jambo la kweli asilopenda litajwe. Likiwa la uongo, hilo ni jambo jingine na dhambi yake ni kubwa zaidi. Basi kinachoangaliwa hapa si kweli na uongo tu, bali ni nani mwenye khabari, na wewe umeipataje.

Kwanza, tutazame khabari hii ni ya nani. Katika fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tuisomayo pwani yetu, ujira wapasa ujulikane ndipo mkataba wa kazi usihi. Lakini kujulikana huko ni kwa wale wanaoagana, si kwa mtaa mzima. Tazama kisa cha Nabii Musa katika Sura ya Al-Qasas. Binti wa yule mzee wa Madyan alimsifu kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Kisha muda wa kazi ukatajwa waziwazi, miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Na Musa akayafanya makubaliano hayo kuwa ni baina yao wawili, na Mwenyezi Mungu ndiye shahidi. Kila kitu kilikuwa wazi kwa waliohusika, wala hapakupigwa mbiu.

Pili, karani aliijua khabari ile kwa sababu ya kazi yake tu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akikwambia neno huku akigeuka kutazama nyuma, neno hilo ni amana, ijapokuwa hakukwambia "usiseme". Ikiwa kugeuza shingo kwatosha, itakuwaje ankara iliyofungiwa kabatini, nawe umepewa ufunguo?

Tatu, tarakimu moja ikitolewa mahali pake hudanganya. Tuchukue mfano. Fundi wa mkataba alipwa shilingi 6,000 kwa siku, na mwajiriwa alipwa 80,000 kwa mwezi. Mwenye kusikia huzidisha 6,000 kwa siku 22, akapata 132,000, akaghadhibika. Lakini fundi huyo hupata kazi siku 150 tu katika mwaka, yaani shilingi 900,000, na mwajiriwa hupata 960,000. Tena mwajiriwa, kwa sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007, ana likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Fundi akiugua halipwi, na vyombo vyake hununua mwenyewe. Basi aliyetaja ile 6,000 peke yake amesema kweli iliyozaa uongo vichwani mwa watu.

Nasi hatujitoi katika kosa hili. Miaka kadhaa nyuma tulitengeneza paa la madrasa, na seremala akatupunguzia ujira kwa kutaka thawabu. Sisi, kwa kumsifu, tukakitaja kiasi kile barazani. Haukupita mwezi, mtu mwenye uwezo wake akamwambia, "Madrasa umewafanyia kwa bei hii, mimi kwa nini unizidishie?" Sadaka yake tukaigeuza kuwa kitanzi chake. Tulikwenda kumtaka radhi, na haya ya siku ile hatujaisahau.

Lakini na asije mtu akayachukua maneno haya akayafanya ngao ya dhulma. Siri ni ya kulinda haki, si ya kuila. Fundi mwenyewe ana khiyari ya kutaja ujira wake, ila akiwa ameahidi kwa mkataba wa halali kutoutaja. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kumshitakia mwenye uwezo wa kumwondolea dhulma. Imamu Nawawi ameihesabu ruhusa hiyo miongoni mwa mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu. Na mali ya umma ina hukumu yake: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeamrisha manunuzi ya serikali yawe ya uadilifu na ya uwazi, basi asiseme mtu "ni siri" katika fedha za raia.

Vilevile waajiri wasidai kuwa kila mazungumzo ya mshahara ni khiyana. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1935, waajiriwa wengi wa makampuni wana haki ya kuzungumza wao kwa wao juu ya mishahara yao, ijapokuwa sheria hiyo haiwaingizi makandarasi wanaojitegemea. Mtu kutaja lake ni mbali, na karani kutoa la mwenziwe ni mbali.

Na wakala naye apambanue baina ya kunyamaza na kudanganya. Akimtoza mteja 9,000, akaagana na fundi kwa 6,000 kwa ridhaa, faida yake ni yake. Lakini akimwambia fundi, "Mteja hatoi zaidi ya 6,000," huo ni uongo, na jina la siri haliutakasi.

Basi twamwambia kijana wetu: toba ya haki ya mtu haitimii kwa istighfari peke yake. Mwende fundi, umtake radhi. Kisha waende wakubwa wako, uwaeleze hesabu nzima kama ulivyotaja tarakimu nusu, huenda akarudishwa kazini. Na akikuuliza mtu tena, mwambie kwa upole: "Muulize mwenyewe." Nanyi mnaopenda kuuliza, jueni kuwa amfunguaye mwenziwe mdomo ana fungu lake katika yatokayo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuchunga amana zetu. Amin.