Motokaa Iliyotumika Ikiharibika Baada ya Kununuliwa

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiisha kulipa fedha na kupokea ufunguo wa motokaa iliyokwisha kutumika, shauri lake na mwuzaji limekwisha, na lolote litokealo baadaye ni bahati yake mbaya. Sivyo sheria isemavyo.

Tuseme mwalimu mmoja amekopa fedha katika chama cha akiba, akaenda Nairobi, akanunua gari dogo lililoletwa kutoka Japani kupitia Mombasa, kama yaletwavyo magari mengi yaliyotumika. Wiki ya pili, akipanda mlima, giaboksi yakataa. Arudipo kwa mwuzaji aonyeshwa karatasi aliyoitia sahihi: gari limeuzwa kama lilivyo, wala fedha hazirudishwi. Mwalimu aondoka kimya, naye huku anakatwa mshahara kila mwezi kulipa deni la gari lisilokwenda.

Basi na tuitazame Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1931, nayo ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwanza sheria hiyo yasema kwamba mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Lakini kifungu cha 16 chaongeza masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika mapatano hata kama hayakuandikwa. Mnunuzi akimjulisha mfanya biashara kazi anayotaka kuifanya kwa kitu kile, na akautegemea ujuzi wake, kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo. Tena kitu kiuzwacho na mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya namna hiyo sharti kiwe na hali ya kustahili kuuzwa. Angalia maneno hayo: ambaye biashara yake ni kuuza. Jirani yako akikuuzia gari lake mwenyewe hafungwi na masharti haya, ingawa atajibu akikudanganya au akikuuzia gari lisilo lake.

Hapa ndipo penye ugumu, maana gari kuukuu si gari jipya. Kiasi gani cha ubovu ni uzee tu, na kiasi gani ni kosa la mwuzaji? Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilijibu swali hili mara mbili, na mara zote mbili gari lilikuwa Jaguar, na hakimu mkuu alikuwa Lord Denning. Katika kesi ya mwaka 1965, mwuzaji alikuwa amesema wazi kwamba klachi ina kasoro, na mnunuzi akakubali kupunguziwa bei ili aitengeneze mwenyewe. Baada ya wiki chache akaona kwamba matengenezo yanamgharimu fedha nyingi kuliko alivyodhani. Akashindwa. Mahakama ilisema kwamba gari lililotumika likiweza kwenda barabarani kwa salama, kasoro ndogo hazimtii mwuzaji hatiani.

Kesi ya pili iliamuliwa mwaka 1974. Gari lilikuwa na umri wa miaka 8 na lilikwisha kwenda maili zaidi ya 82,000. Mnunuzi aliliendesha maili 2,354 katika muda wa wiki tatu, ndipo injini ikakwama kabisa. Mwenye gari wa kwanza alitoa ushahidi kwamba alipoliuza alijua injini imekaribia mwisho wake. Mwuzaji akashindwa, kwa sababu ugonjwa ulikuwamo siku ile ya kuuza, ingawa ulidhihirika baadaye. Mahakama za Kenya hazifungwi na hukumu hizi, lakini huweza kuzifuata, kwa kuwa maneno ya sheria yana asili moja.

Na ile karatasi ya mwalimu? Zamani ingaliweza kumziba kinywa. Lakini Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 yasema kwamba neno lolote katika mapatano linalojaribu kuyaondoa masharti yale ni batili kwa mnunuzi wa kawaida. Sahihi yake haimfungi. Sheria hiyo hiyo yakataza kusema kwamba kitu kimetumika kidogo kuliko kilivyotumika kweli. Basi mwenye kurudisha nyuma hesabu ya kilometa ajue kwamba mapatano yaweza kuvunjwa. Na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 46, yampa mtumiaji haki ya kulipwa kwa hasara iletwayo na ubovu wa bidhaa.

Kuna jambo moja la kushangaza kidogo. Mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulipasa kuzionyesha. Je, ni afadhali kutokagua? La, hasha! Fidia haiponyi mtu aliyekosa breki mteremkoni. Mchukue fundi wako mwenyewe, asiwe rafiki wa mwuzaji, naye aandike aliyoyaona.

Ubovu ukitokea, liache gari pale pale lilipo, wala usimruhusu fundi kufungua injini kabla mwuzaji hajapewa nafasi ya kuiona. Mwandikie barua siku hiyo hiyo na ubaki na nakala. Haki ya kulirudisha gari hupotea upesi kwa mtu anayeendelea kulitumia. Haki ya kudai fidia hudumu hata miaka 6, lakini ushahidi haudumu hivyo.

Mwuzaji akikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2021 na kisha katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, si lazima kuwa na wakili, na sheria yaitaka itoe hukumu katika siku 60 tangu dai kuandikishwa. Gari la mwalimu huenda lilimgharimu zaidi ya kiasi hicho, lakini anachodai ni gharama ya giaboksi. Na aende na stakabadhi, barua, ripoti ya fundi, na ile karatasi aliyoitia sahihi.