MWANA WA KULEA NA NASABA YAKE

Ndugu zetu, baada ya darsa la Ijumaa iliyopita alitujia mtu mmoja ambaye yeye na mkewe wamelea binti tangu akiwa mchanga wa miezi mitano, mamake alipofariki. Leo binti huyo ameposwa, na posa imekubaliwa. Mtu yule alituuliza: "Sheikh, nitamwoza mimi?" Tukamwuliza, "Baba yake ni nani?" Akainama kitambo, kisha akasema kuwa baba yu hai, yuko Lamu, bali binti mwenyewe hajui kuwa ana baba mwengine. Vyeti vyake vyote vina jina la mlezi.

Twayaandika haya, kwa idhini yake, kwa kuwa twajua si nyumba yake peke yake yenye siri kama hii.

Kwanza tumpe mlezi haki yake. Mtume (s.a.w.) alimweka mwenye kumlea yatima karibu naye Peponi, akaonyesha ukaribu huo kwa kidole cha shahada na cha kati. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, na hapana haja ya kuirefushia maneno. Tulilopenda kulitazama zaidi ni kisa cha Maryamu katika Sura ya Aali Imran, kwa sababu humo ndimo lilimotajwa neno kafala, ambalo ndilo jina la malezi haya.

Wafasiri wanasema Imran alikufa kabla ya mwanawe kuzaliwa. Watu wema wa zama zile wakashindania kumlea mtoto yule hata wakapiga kura kwa kalamu zao. (Siku hizi, matanga yakisha kuondolewa, mashindano huwa ni nani atakayeepukana naye.) Kura ikamwangukia Zakariyya, mzee asiye na mtoto. Kila alipoingia mihrabuni alimkuta Maryamu ana riziki ambayo hakumletea yeye, akamwuliza imetoka wapi, naye akamjibu kuwa imetoka kwa Mwenyezi Mungu. Hapo hapo mzee yule, aliyekwisha kudhoofika mifupa na kujaa mvi, akainua mikono akaomba naye apewe kizazi, akaruzukiwa Yahya. Basi tazameni, mlezi ndiye aliyefunzwa na mlelewa! Na wanawake wengi wa mitaani petu waliolea wana wa wenzao wametusimulia mambo ya namna hii: walidhani wanatoa, kumbe wanapewa.

Pamoja na malezi yote hayo, Maryamu hakuitwa binti Zakariyya. Qur'ani yamwita binti Imran.

Na Zaid, aliyelelewa na Mtume mwenyewe, watu walikuwa wakimwita Zaid bin Muhammad mpaka zikateremka aya ya 4 na ya 5 za Sura ya Ahzab, zikaamrisha watoto wa kupanga waitwe kwa baba zao. Akarejea kuwa Zaid bin Haritha. Je, alipungukiwa na mapenzi? La, hasha! Mtume alimfanya amiri wa jeshi la Muta mwaka wa 8 Hijria, naye akafa shahidi huko. Na katika masahaba wote ni yeye peke yake aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani. Na mtoto asiyejulikana baba yake aya hiyo haikumtupa, bali imemfanya ndugu yetu katika dini.

Twajua kwa nini watu huficha. Mlezi amekesha na homa za mtoto, amemtia chuoni, ameuza mkufu wake kwa ajili ya karo, naye aogopa siku ile mtoto, akiwa na ghadhabu za ujana, atakapomwambia, "Wewe si mama yangu." Neno hilo ni chungu, wala hatutasema kuwa si chungu. Lakini litasemwa na uchungu zaidi na mtoto aliyeipata habari kwa majirani. Aambiwe angali mdogo, kidogo kidogo, kama asimuliwavyo habari za babu zake.

Tena kuna haya ya mipaka ya nyumbani. Akinyonya kwa mkewe mlezi mara tano mbalimbali kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa madhehebu yetu ya Shafi huwa mwana wao wa ziwa, na hijabu baina yao huondoka. Mke asiyekuwa na maziwa, mtoto wa kiume na anyonyeshwe na dada wa mke, na wa kike na dada wa mume. Urithi hauji kwa ziwa wala kwa malezi. Lakini mlezi aweza kumpa hiba angali hai, au kumwusia kwa kadiri ya thuluthi ya mali yake. Na wanaosema kuwa serikali haiwezi kuwaachia mtoto wasipomwandika jina lao, wajue kuwa Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala kwa jina lake hasa.

Turejee kwa mwenzetu. Tulimwambia kuwa mlezi si walii, na nikaha ni jambo zito. Walii ni yule baba aliyeko Lamu. Lau angekuwa hayupo, wangetazamwa babu, ndugu na ami, na mwisho Kadhi. Lakini baba aweza kumwakilisha mlezi, naye akaketi mkekani, akamshika mkono bwana arusi na kumwoza kwa uwakala, akitaja jina la baba yake mbele ya mashahidi. Akauliza, "Na binti nimwambieje?" Tukamwambia amweleze yeye na mkewe pamoja, usiku ule ule, kabla ya kwenda popote.

Juzi walitupitia wote watatu, binti macho yamemvimba kwa kulia, ameushika mkono wa mama yake mlezi, wakielekea kupanda basi la Lamu.