Mwenye Kushika Saa Ndiye Mwajiri

Bunia, mashariki mwa Kongo, ni mji wa vumbi. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, malori na pikipiki za Boulevard de Libération hutimua udongo mwekundu, na kioo kilichong'aa Jumatatu ikifika Alhamisi huoni kitu ndani yake. Nilianza kusafisha vioo vya maofisi, hoteli na maduka ya dawa nikiwa na ngazi moja, ndoo mbili na rakleti ya kufutia maji. Kazi ilipozidi mikono yangu, ilibidi nichague: niajiri vijana, au niite watu wanaojitegemea na kumlipa kila mmoja kwa kazi aliyoifanya? Mara ya kwanza nilichagua vibaya. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Jina la karatasi halibadilishi kazi

Vijana wangu watatu wa kwanza niliwatilisha sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba wanajitegemea. Lakini saa ya kufika niliipanga mimi. Ngazi, sabuni na rakleti vilikuwa vyangu, bei niliikata mimi na mteja, na aliyeomba ruhusa ya kwenda kazi nyingine nilimkatalia. Ndugu mmoja aliyesomea sheria alizitazama karatasi zile, akaniuliza: "Nani anawaamrisha?" Sikuwa na jibu lingine ila mimi. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaangalia hapo hapo: mtu akifanya kazi chini ya mamlaka na uongozi wa mwingine kwa malipo, huo ni mkataba wa kazi, hata kama karatasi inasema lingine.

2. Hesabu siku za kibarua

Nilidhani kumlipa mtu kila jioni kunamaliza mambo. Sivyo. Kibarua wa siku kwa siku akishafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa ameajiriwa kwa muda usio na kikomo. Na pasipo mkataba wa maandishi, muda usio na kikomo ndio unaochukuliwa kuwa makubaliano yenu, hadi uthibitishe vinginevyo. Sasa nina daftari: jina, tarehe, jengo, malipo. Kila Jumamosi tunalisoma pamoja na vijana, wao wakiona ninachokiandika.

3. Gharama ya mfanyakazi iingie kwenye bei

Zamani nilihesabu maji, sabuni na posho ya siku, basi. Mfanyakazi halali ana mengine. Kwa mshahara wa dola 100, CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea 18: tano zinatoka kwa mfanyakazi, 13 kwangu. Kuna pia michango ya INPP (mafunzo ya ufundi) na ONEM (ofisi ya ajira), kodi ya mshahara, na matibabu yake na ya familia yake, ambayo sheria inamwekea mwajiri. Nilipopandisha bei, wateja wawili waliniacha, na mwezi ule ulikuwa mgumu nyumbani. Lakini maofisi makubwa, kabla ya kupokea bei yako, yanaomba namba ya RCCM (daftari la biashara), namba ya kodi na ya CNSS. Karatasi zilizonigharimu ndizo zilizonifungulia milango hiyo.

4. Anayeanguka ni mtu wako

Kijana mmoja aliteleza kwenye ngazi, akavunjika mkono. Kwa karatasi yangu, matibabu yalikuwa shauri lake. Mama yake alinikuta hospitalini, akaniambia: "Baba, mtoto wangu alikuwa anafanya kazi ya nani?" Nililipa, na aibu ile sijaisahau. Katika CNSS, tawi la ajali za kazini linalipiwa na mwajiri peke yake, asilimia 1.5 ya mshahara. Kwa fedha kidogo namna hiyo nilikuwa nimemwacha mtoto wa mtu bila kinga. Na kijana akivunja kioo cha mteja, mzigo unamrudia bwana wa kazi pia. Amri ya mwaka 1888 juu ya mikataba, ambayo bado tunaitumia, inasema hivyo.

5. Anayejitegemea kweli yupo, na anafaa

Kwa majengo marefu ninamwita fundi mwenye ngazi zake na kamba zake za usalama. Ana wateja wengine, bei anaitaja yeye, akipata udhuru anatuma mwenzake, na mwisho ananipa faktura. Sisi tunapatana juu ya kazi tu: vioo vingapi, tarehe ipi, nani atalipa kikivunjika kimoja. Saa zake simpangii. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, mtu kama huyo anaweza kutambuliwa kwa tamko tu, bila kuunda kampuni, na mimi humhimiza kila fundi afanye hivyo.

6. Msimu una mkataba wake

Kilichonivuta kukwepa kuajiri ni hofu ya miezi mikavu ya fedha: mvua ikinyesha kazi inapungua, na usalama ukiharibika maofisi yanafunga. Dawa yake nimeipata. Nina vijana wawili wa kudumu, na kiangazi kikianza ninaongeza wengine kwa mkataba wa maandishi wenye mwanzo na mwisho, ambao kisheria hauzidi miaka miwili.

Yule kijana aliyevunjika mkono ni mmoja wa hao wawili. Ndiye anayewafundisha wageni kusimamisha ngazi. Kabla mgeni hajaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, kijana huyo huja kwangu kuuliza kama jina la mgeni limeshafika CNSS, na nikisema bado, siku hiyo mgeni anafuta vioo vya chini.