PIMA KONA KABLA YA KUCHIMBA MTARO



Kikundi kinapolaza paipu nyeusi za plastiki, mara nyingi kona huachwa hadi siku ya kazi. Mtaro unachimbwa na pembe kali, halafu vijana wanne wanaikunja paipu kwa nguvu. Paipu inabonyea, inafukiwa, na kule mwisho wa laini mama anangoja debe lijae. Naye alitoa mchango kama wengine. Mwezi ujao atatoa kwa moyo gani?

Leo basi tujifunze kupima kona. Leteni futi, kamba mbili na vigingi.

1. Ukubwa wa mpindo
Paipu hutaka kuzunguka pole pole, kama kipande cha duara. Umbali kutoka katikati ya duara hilo hadi paipu tuuite R. Paipu ikiwa na joto la digrii 20, R isipungue mara 20 ya kipenyo chake. Ikiwa digrii 10, iwe mara 35. Tuchukue paipu ya milimita 50. Mchana wa jua: 20 × 50 = milimita 1,000, yaani mita 1. Asubuhi ya baridi ya Julai hapa Dundori: 35 × 50 = milimita 1,750, yaani mita 1.75. Paipu nyembamba ubavuni hutaka zaidi, muulize anayewauzia.

2. Vigingi
Pigeni kigingi K kwenye kona. Kwa kona ya mraba, digrii 90, pimeni R kurudi nyuma, wekeni A. Pimeni R kwenda mbele, wekeni B. Mpindo unaanza A na kuisha B. Laini ikigeuka digrii 45 tu, pimeni R × 0.41.

3. Kuchora
Kateni kamba mbili za urefu wa R. Fungeni moja A, nyingine B, mzivute zikutane upande wa ndani wa kona. Hapo ni M. Sasa fungeni kamba moja M, mchore ardhini kutoka A hadi B. Mtaro ufuate mstari huo.

4. Urefu wa paipu
Mzunguko wa duara ni 2 × 3.14 × R. Kona ya mraba ni robo yake, yaani 1.57 × R. R ikiwa mita 1.75, mpindo unakula mita 2.75. Mkihesabu kupitia K mtapata 3.5. Kwa kona kumi mngenunua mita 7.5 za bure!

5. Shamba la jirani
Mpindo hukata ndani ya kona: R ya mita 1.75 huingia sentimita 72, R ya mita 1 huingia 41. Kama hapo ni shamba la mtu, mwende mkaongee naye na kipimo mkononi, kabla jembe halijagusa ardhi. Akiona 72 ni nyingi, ngojeni jua. Akikataa kabisa, tumieni elbo, lakini iwe mahali fundi anaweza kuifikia ikivuja.

Ya kujadiliana kikundini
- Laini yenu ina kona ngapi? Chagueni moja mwichore, sentimita 2 kwa kila mita.
- Paipu ya milimita 63, digrii 20, kona ya mraba: R ni ngapi, na mpindo unakula mita ngapi? (Jibu: 1.26 na 1.98.)
- Nani ataongea na wenye mashamba, na lini?